Kuni Zilizolowa Busisi

Dereva wangu ana namna yake ya kulalamika bila kufungua mdomo. Tukishalimaliza daraja, tairi zinapotoka kwenye zege na kugusa lami ya upande wa Sengerema, anapunguza mwendo, anatazama kioo cha pembeni ambacho hakina cha kutazamwa, halafu anashusha pumzi. Hilo ndilo swali lake. Mimi naonyesha kwa kidole njia ya zamani ya kivuko, naye anakata usukani kama mtoto aliyetumwa dukani katikati ya mpira.

Kabla ya Juni 19, 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua daraja la Kigongo–Busisi, hakuna aliyehitaji kukata kona. Sote tulipita hapo, tupende tusipende. Unatoka Mwanza mjini, unaipita Usagara, unafika Kigongo, unapanga foleni ya kivuko. Siku njema unavuka upesi. Siku mbaya unakaa hadi unajua jirani yako wa foleni ana watoto wangapi na nani kati yao anamsumbua. Sasa ni kilomita 3 juu ya maji, na wimbo ulioanza redioni ukiwa Kigongo unakwisha ukiwa ng'ambo.

Nalipenda daraja, niseme mapema, asije mtu akadhani nimekuja kulilia kivuko. Anayemkimbiza mgonjwa Bugando usiku hana muda wa kusikiliza kumbukumbu zangu. Ila pale Busisi walikuwepo watu walioishi kwa foleni ile: wa mayai ya kuchemsha, wa mahindi, wa maji ya chupa, wa sato wa kukaanga. Foleni ilipokwisha, nao soko lao likaisha siku hiyohiyo, bila barua wala notisi. Mmoja wao ndiye ninayemkatia kona.

Mwezi wa nne mwaka 2011 nilikuwa na magunia manne ya dagaa na mtaji usio wangu. Sh 180,000 zilikuwa mkopo wa kikoba, na mzigo uliobaki nilipewa mali kauli na mzee mmoja mwenye mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba. Kwa asiyejua biashara yetu, mali kauli ni hivi: unachukua mzigo, unaacha neno lako. Ukiuza unarudisha hela. Usipouza, neno lako ndilo linalouzwa, tena kwa bei ya chini sana.

Nilikuwa napeleka Geita. Watu wa machimbo wanakula, na dagaa ni kitoweo kisichohitaji jokofu. Nilipanda pikapu ya mtu, tukavuka salama, halafu pale Busisi dereva akasema klachi imekufa. Labda ilikufa kweli. Alishusha magunia yangu kando ya barabara, akachukua nauli ya nusu njia, akaanza kupiga simu zake. Saa kumi na moja jioni. Upande wa ziwa lilikuwa limesimama wingu la rangi ya sufuria ya zamani.

Dagaa akishakauka ana adui mmoja. Akilowa, ule weupe wake wa kung'aa unageuka kutu, harufu inabadilika, na kesho yake hakuna mama atakayemtia kwenye sufuria. Anauzwa bado, ndiyo, lakini kwa watengeneza chakula cha kuku, na bei yake ni ya chakula cha kuku. Nilikuwa na turubai moja, limetoboka katikati. Nilijaribu kulifunika hivi, nikaligeuza vile, nikaanza kulia. Sikuwa mtoto, nilikuwa na miaka ishirini na saba na mtoto mgongoni mwa dada yangu Kitangiri.

Kulikuwa na mama anakaanga samaki hatua kama kumi kutoka nilipokuwa. Kibanda chake kilikuwa mabati manne juu ya miti, na chini ya mabati yale, mahali pakavu pekee, alikuwa amepanga kuni zake. Si mzigo mmoja. Zilikuwa kuni za wiki nzima, zimepangwa kwa ukubwa kama madaftari ya mwanafunzi mzuri. Alinitazama, akatazama wingu, akatazama magunia. Hakuuliza jina langu wala ninakotoka. Akaanza kuzitoa kuni nje.

"Shika huku," akasema.

Nikamwambia, "Mama, kuni zako zitalowa."

"Kuni zikilowa zitakauka. Dagaa wako wakilowa wataliwa na kuku."

Tukaingiza magunia manne mahali palipokuwa na kuni. Mvua ikaja, ile ya ziwani isiyo na rasharasha ya kukuonya, ikanyesha hadi karibu na alfajiri. Nililala nimekaa, mgongo kwenye gunia, harufu ya dagaa puani. Dagaa hawakupata hata tone.

Hadi hapo hadithi hii ningeweza kuisimulia kanisani na watu wakasema amina. Kilichonifundisha ni asubuhi yake. Abiria wa kivuko cha kwanza walishuka na njaa. Mama yule alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza kuni mbichi kwa maji, moshi mzito kama wa tanuri la matofali, macho yanachuruzika. Mafuta yalikuwa baridi kwenye karai. Wateja walisimama, wakangoja kidogo, wakaenda kwa jirani ambaye kuni zake zilikuwa kavu. Nilihesabu watu tisa. Hakuniangalia hata mara moja kwa jicho la "unaona ulichonifanyia". Aliendelea kupuliza.

Kwa hiyo najua gharama ya usiku ule. Ilikuwa sahani tisa za sato, labda zaidi, maana nilipata gari la Geita kabla sijamaliza kuhesabu.

*

Mwanza hatuna uhaba wa shukrani. Ukisimama pale Nyegezi stendi utazisoma mgongoni mwa mabasi. Ukifungua simu alfajiri, kila mtu ameweka kwenye hali yake kwamba anamshukuru Mungu kwa siku nyingine. Wasukuma wana "wabeja", neno linalotoka mdomoni laini hata kwa konda anayekurudishia chenji pungufu. Mimi mwenyewe nashukuru kila asubuhi, sijaacha. Ila nilikaa miaka mingi nikishukuru kila kitu kwa pamoja, jumla jumla kama mtu anayenunua bila kupima, na sikumbuki hata siku moja ambayo shukrani hiyo ilinizuia kufanya jambo la kijinga.

Na tuna ule msemo: kushukuru ni kuomba tena. Kwenye kikoba chetu unasemwa kila mtu anapopokea mkopo, na watu wanapiga makofi. Sijawahi kuupenda. Unaigeuza asante kuwa ndoano: natupa "asante" nikitazama kama kuna samaki mwingine anakuja. Labda waliouanzisha walikuwa na maana nyingine. Jinsi unavyotumika mjini kwetu, ni mtego wenye adabu.

Mwaka 2014 nilinunua kaunta buku la kwaya mbili kwa ajili ya hesabu. Mbele niliandika biashara: magunia, bei, nauli, ushuru, wanaodaiwa. Nyuma, nikaanza kuandika watu. Sikuanza kwa sababu ya hekima yoyote. Nilikuwa nimemsahau mtu. Nilikutana na mwanamke pale Makoroboi akanisalimia kwa furaha kubwa, nami sikumkumbuka hata kidogo, na ndiye aliyenipa sehemu ya kulala mwezi wangu wa kwanza mjini. Niliona aibu hadi nikapitiliza daladala yangu.

Kwa hiyo ukurasa wa nyuma una safu mbili. Safu ya kwanza: alinipa nini. Ya pili: kilimgharimu nini. Hiyo ya pili ndiyo ngumu. Nikifika kwenye jina la mtu nikakuta siijui safu ya pili, ninakwenda kuuliza, au nakaa nafikiri. Safu hiyo imenishangaza mara nyingi kuliko hesabu za mbele.

Kuna mjomba mmoja, kwenye harusi yangu alishika kipaza sauti akatangaza laki moja mbele ya ukumbi. Watu wakashangilia, mimi nikapiga goti. Safu ya pili: hakuna kitu. Alikuwa nazo, na alizitoa mahali zilipomletea sifa za laki tatu. Simdharau, ila nimejua uzito wake.

Na kuna shangazi yangu. Huyu alinilipia chuo cha ushonaji, na kwa miaka kumi na minane hajapata kukaa nami dakika ishirini bila kunikumbusha. Masimango. Nikivaa gauni zuri, "kumbuka nani alikufundisha kitambaa." Nikichelewa kumtembelea, "wenye hela hawana shangazi." Ushonaji wenyewe niliuacha! Nilikuwa nimemwandika kwa hasira, safu ya kwanza tu, kama mtu anayelipa faini. Siku nilipojilazimisha kujaza ya pili nilimuuliza mama yangu, na mama akanyamaza kidogo, akasema shangazi aliuza cherehani yake. Yeye mwenyewe alikuwa fundi. Aliuza cherehani yake ili mimi nikajifunze kwa ya chuo, na tangu hapo hakushona tena.

Masimango yake yalikuwa yamenifanya nisihesabu. Kelele zilikuwa kubwa hadi sikuona kwamba chini ya kelele kulikuwa na kitu cha kweli. Nilimnunulia cherehani, ya mguu kama aliyokuwa nayo. Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana. Alisema ile yake ya zamani ilikuwa na chuma kizuri zaidi. Bado ananisimanga, ila siku hizi ananisimanga huku anashona.

*

Mwaka 2019 alikuja mnunuzi mkubwa. Simtaji, na hana haja ya kutajwa. Alikuwa anakusanya mzigo wa kwenda nje ya nchi. Anayeijua Mwaloni anajua kuwa pale wananunua watu wa Kongo, wa Rwanda, wa Burundi, na siku za giza, wakati mwezi haupo na taa za wavuvi zinawavuta dagaa vizuri, mzigo unafurika na bei inashuka. Mbalamwezi ikirudi, mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Tunaishi kwa mwezi kuliko kwa kalenda.

Alitaka magunia mengi kwa haraka, na haraka ile ilikuwa na masharti. Dagaa anaweza kuanikwa mchangani au juu ya chanja. Mchangani ni rahisi, mchanga hauuzwi. Unamwaga, jua linafanya kazi, jioni unakusanya kwa ufagio, na mchanga unakuja naye. Mpishi anaosha mara tatu na bado unasikia kwenye meno. Chanja inataka miti, inataka nyavu, inataka mtu wa kugeuza, lakini dagaa wake ni msafi na bei yake ni nyingine. Mimi nauza wa chanja. Bwana yule alitaka katikati ya gunia niweke wa mchangani, juu na chini wa chanja. "Uso wa gunia uwe mzuri, mama. Mnunuzi anafungua juu." Tena mchanga una uzito, na mzigo unapimwa kwa kilo, kwa hiyo tungefaidi mara mbili. Nilipiga hesabu palepale kwenye simu: faida ya ziada kama laki tisa kwa safari moja. Ada ya watoto wawili, na bati za chumba cha nyuma.

Nilimwambia nipe usiku mmoja. Sikuwa najifanya. Nilikuwa nataka laki tisa.

Usiku nikafungua kaunta buku kutafuta kitu kingine kabisa, karatasi ya ushuru, na daftari likafunguka nyuma. Ukurasa wa 2011. Chini ya mama wa Busisi niliandika mwanamke wa genge pale Geita. Siku ile niliyofika na magunia yangu manne, nimechelewa kwa siku nzima, nimechafuka moshi, yeye ndiye aliyenunua mawili. Alininunulia bila kuyafungua. Nilitaka kumfungulia aone, akasema, "Funga, mwanangu, utamwaga. Sura yako nimeiona." Akahesabu hela. Safu ya pili: zilikuwa hela za mchele, alikuwa anamngoja mtu wa mchele mchana ule, na akamwambia arudi kesho.

Nikakaa nalo lile. Mtaji wangu wa kwanza ulirudi kwa sababu kuna mtu hakufungua gunia. Na sasa kuna mtu ananilipa laki tisa kwa matumaini kwamba mwingine hatafungua gunia.

Asubuhi nikakataa. Wenye semina za ujasiriamali wangenitaka niseme wiki iliyofuata nilipata mteja bora mara tatu. Sikupata. Mbalamwezi iliingia, nikakaa siku nyingi bila mzigo, chumba cha nyuma kikaendelea kuvuja. Bwana yule alipata mwingine wa kumfanyia, na nasikia mambo yake si mabaya. Nilichopata ni kwamba nilijua kwa nini nimekataa, na sababu yenyewe ilikuwa na sura na genge na mtu wa mchele. Kama ningetegemea shukrani yangu ya jumla jumla, ile ya kila asubuhi, ningechukua hela na kutoa zaka.

*

Lakini naye huyu shukrani si mwongozaji wa kufuatwa kipofu, na hapa nina kovu langu.

Yule mzee wa mitumbwi aliyenipa mali kauli ya kwanza, nilimlipa, na miaka ikaenda. Mwaka 2016 akaniambia ana mtoto wa ndugu yake, kijana mzuri, hana kazi. Hakuniomba. Alisema tu, akatazama maji. Mimi nikamaliza sentensi mwenyewe: nikampa kijana funguo za stoo. Si kazi, funguo. Kuhesabu mzigo, kupokea hela, kila kitu. Nilijiambia ninalipa fadhila, na nilijisikia vizuri sana, kwa kweli nilijisikia mtu mkubwa.

Mwezi wa pili gunia zilianza kutofautiana na daftari. Moja, mbili. Mwezi wa tatu nikajua. Nikanyamaza. Niliogopa neno moja: hana fadhila. Kwetu mtu anaweza kukusamehe uongo, wizi mdogo, hata ulevi, lakini ukishaitwa mtu asiye na fadhila, hata msiba wako unapata watu wachache. Nikanyamaza miezi mitano. Hasara ilifika milioni moja na laki nane, na kati ya hela hizo kulikuwa na za wanawake wenzangu wa kikoba, ambao hawakuwa na deni lolote kwa mzee wa mitumbwi.

Mwishowe nilikwenda kwake. Nilimkuta amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, habari za ziwa. Nilizunguka weee, hadi chai ikapoa. Nikasema. Akaweka sindano chini.

"Mama," akasema, na hakuwahi kuniita mama kabla, siku zote aliniita binti. "Mimi nilikukopesha dagaa. Sikukukopesha mtoto."

Akaniuliza kwa nini sikumwambia mwezi wa pili. Nikasema niliona haya kwa sababu ya wema wake. Akacheka bila furaha. Alisema kama ningemwambia mapema, kijana angerudi na magunia mawili tu shingoni, sasa anarudi na mzigo ambao hataweza kuulipa. Alikuwa na haki. Kwa kumheshimu mzee, nilikuwa nimemwacha mtoto wake azame taratibu mbele ya macho yangu.

Nikarudi kwenye safu ya pili na kusoma upya nilichoandika. Kilichomgharimu mzee mwaka 2011 kilikuwa hofu ya kutolipwa. Malipo yake yalikuwa kulipwa kwa wakati, na kusikia kwamba binti aliyemwamini hajafilisika. Hakuna mahali palipoandikwa funguo.

*

Nirudi Busisi.

Miezi miwili baada ya daraja kufunguliwa nilipita nikiwa na Fuso la kukodi, mzigo wa Geita, na nikagundua tumeshafika mbele sana kabla sijakumbuka kwamba hatukusimama. Miaka kumi na minne nilikuwa nasimama kwake, kwa sababu kivuko kilinisimamisha. Nilikuwa nimejihesabia uaminifu ambao kumbe ulikuwa wa foleni.

Safari iliyofuata tukakata kona. Vibanda vingi vilikuwa vimebaki miti mitupu. Chake kilikuwepo, mabati mengine sasa, lakini karai lilikuwa dogo na samaki walikuwa wanne. Alikuwa amezeeka kwa namna ambayo miezi miwili haiwezi kumzeesha mtu.

"Mwangaluka, mayu."

Akaitikia, akacheka, akasema alidhani nimeshapaa na daraja.

Nikafanya lile ambalo wengi wetu tungefanya. Nikampa elfu hamsini, nimeikunja, kwa mikono miwili. Akapokea, akashukuru, akaifunga kwenye pindo la khanga. Nikaondoka mwepesi. Mwezi uliofuata nikampa tena. Safari ile akanifutia kiti. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikifika ananiambia "shika hapa", "nikoleze moto", "mpe yule chenji". Sasa alinifutia kiti, akanipa soda ya mtoto wake, akasimama pembeni kama mtu aliyetembelewa na mbunge. Sikukaa vizuri kwenye kiti kile. Nilikuwa nimemnunua kutoka kwenye umama na kumweka kwenye uombaji, kwa laki moja.

Nikamuuliza, safari ya tatu, nani anapita hapa siku hizi. Akasema wanaopita ni wa vijijini, wa pikipiki na baiskeli, wanaotoka mwaloni kwao na wanaokwenda minadani. Wanatafuta nini? Akafikiri. "Wananiuliza dagaa. Wazuri wako mbali, na hawa wa hapa wana mchanga."

Basi nilishusha magunia sita, mali kauli. Sikuandika mkataba wala kuchukua picha ya kuweka mtandaoni. Mwezi wa kwanza aliuza manne, mawili akanirudishia, moja likiwa limeshambuliwa na panya. Nikala hasara ya la panya nusu kwa nusu, na alibishana nami juu ya nusu hiyo hadi nikafurahi. Mwezi wa pili aliuza matano. Stoo ya Geita mjini ingeniletea zaidi, nimepiga hesabu, sijifichi. Kukata kona kunanila dakika arobaini na dizeli, na dereva ananinunia hadi Sengerema. Nimeiandika mbele ya daftari kama gharama ya biashara, pamoja na nauli na ushuru.

Nilijaribu kumpa bei ya chini kuliko wengine. Akaniuliza, "Hiyo bei unampa nani mwingine?"

Nikasema, "Wewe tu, mama."

"Basi siitaki. Ukifa, watoto wako watakuja kunipandishia." Akataka bei ya watu wote, na siku saba zaidi za kulipa. Hiyo nikampa, maana siku saba nawapa wote wanaolipa vizuri, na yeye hajachelewa hata siku moja.

Wiki iliyopita tulifika mawingu yamefunga. Binti-mkwe wake alikuwa anapanga magunia chini ya mabati, juu ya magogo ili unyevu wa chini usipande. Nikatafuta kuni kwa macho. Zilikuwa nje, zimefunikwa na turubai la bluu, jipya, limefungwa kwa kamba pembe zote nne. Nikamwambia mama kuwa siku hizi umekuwa tajiri, hadi kuni zina nyumba yake. Akasema turubai lenyewe amelikata kwenye faida ya dagaa, nisije nikadhani ni ile hela yangu ya kwenye khanga. Ile alimpa mjukuu, akaenda kuila yote Sengerema.

Dereva alikuwa ameshuka, anajinyoosha, anajifanya hatazami karai. Harufu ya sato ilikuwa imemfikia kabla yangu. Mama akamchagulia mmoja mnene, akamfungia kwenye gazeti na pilipili pembeni na ndimu iliyokatwa. Dereva akapokea kwa mikono miwili, akanitazama mimi, akamtazama mama, akaanza kurudi kwenye gari taratibu, kama mtu anayeamini bosi wake ana heshima zake mahali hapa.

"Wewe kijana," mama akamwita. "Elfu sita."

Akalipa.